Mwendo wa Baba Kwenye Josho

Nkuhungu, Dodoma
14 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Evelina,

Shikamoo uliyoiandika mwezi wa tatu imenifikia wiki iliyopita. Barabara ya kwenu ilikatwa na mvua, na nadhani mfuko wa barua ulikaa mahali ukisubiri udongo ukauke. Naitikia marahaba, na nataraji itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Bartolomayo na wote mlio nao hapo Songea. Magoti yako yanaendeleaje? Uliandika kwamba yanakusumbua wakati wa baridi, na sasa baridi ndiyo hii. Wewe ni muuguzi, huwezi kukubali kufundishwa dawa na mimi, kwa hiyo nakupa pole tu.

Mimi ni mzima. Presha ipo, lakini tumezoeana. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa. Tangu wifi yako Anyesi alipotutoka, chumba cha mbele nimekifanya cha kazi: deki mbili, televisheni mbili, na nyaya nyingi kuliko zinazohitajika. Watoto wangu wako Dar es Salaam na shughuli zao. Hupiga simu dukani kwa jirani mara mojamoja, nami huenda kuipokea nikiwa nimebadili shati, sijui kwa nini. Siku nyingi sauti ninazozisikia humu ndani ni za watu waliorekodiwa: mashangazi wa watu nisiowajua wakipiga vigelegele, wachungaji na masheikh wakiwaasa maharusi nisiowaona tena. Nawarudisha nyuma, nawapeleka mbele, wanasema yaleyale. Lakini silalamiki. Tangu serikali ilipotupunguza kazini kule kwenye idara ya filamu, mikanda hii ya harusi ndiyo iliyonishika mkono, na wapo wenzangu waliobaki na cheti cha utumishi mrefu tu.

Mama yupo hapa kwangu. Usishtuke, haumwi. Nilimtoa Kigwe ili aonwe macho. Moja limefunikwa na mtoto wa jicho, jingine bado linaona akisogea karibu. Analalamika kwamba ugali wangu wa uwele ni mlaini kama uji wa mzazi, na kwamba hapa Nkuhungu watu wanapita mlangoni bila kubisha hodi wala kusalimia. Anakusalimu sana. Ukifika mwisho utaona kwamba barua hii ni yake, mimi ni mkono tu.

Habari yenyewe ni ndefu, na ili uielewe inanibidi nikueleze kidogo mambo ya kazi yangu. Najua utamgeukia shemeji umwambie kwamba mwalimu ameingia darasani. Nivumilie, kwa sababu safari hii hesabu zangu zimegusa nyumba yetu.

Mwezi wa pili, baada ya Idi, nilichukua kazi ya kupiga picha za harusi huko Makole. Bibi harusi anaitwa Salma, binti wa mama mmoja wa Kirangi, Mwantum, mwenye duka la vitenge. Kaka yake Salma, Mudrick, yuko masomoni Marekani na hakuweza kuja, kwa hiyo alituma mkanda wenye salamu zake ili niuchanganye na picha za harusi, aonekane kama naye alikuwepo.

Sasa picha ya video, Evelina, haitembei hata kidogo. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana upesi kiasi kwamba jicho linasadiki kuna mwendo. Televisheni za kwetu huonyesha picha ishirini na tano katika kila sekunde. Za Marekani huonyesha thelathini, kwa kuwa zilitungwa kufuata mapigo ya umeme wao, ambao ni tofauti na wetu. Nilipoutia mkanda wa Mudrick kwenye deki yangu, ikatoka mistari myeusi ikipanda juu kama mvua inayorudi mawinguni. Ikabidi niupeleke Dar, kwa mwenzangu wa zamani mwenye mashine ya kugeuza. Mashine ile ina njia rahisi: katika kila picha sita huitupa moja. Sekunde inabaki kuwa sekunde, ila ndani yake kuna vipengo vidogo. Katika mkanda huo Mudrick alikuwa akitembea kwenye theluji huku akizungumza, na kwa kuwa kila baada ya picha tano kuna moja iliyotoweka, mwendo wake ulikuwa na mshtuko mdogo, kama mtu anayekanyaga shimo asilolitarajia.

Salma alipoona aliniuliza kama kaka yake ameumia mguu na wanamficha. Mwantum akacheka, akasema hata achechemee, mradi arudi. Nikamweleza bibi harusi yote haya niliyokueleza wewe. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza zile picha zinazotupwa huwa zinakwenda wapi. Swali lile lilinikaa.

Lakini nimetangulia mbele. Lililo muhimu lilitokea siku yenyewe ya harusi. Nilikuwa nazunguka na kamera chini ya turubai nikiwapiga picha wazee, mmojammoja, kama familia zinavyopenda. Pembeni alikuwepo mzee mwembamba sana, kanzu nyeupe, fimbo magotini. Mwantum akaniambia ni baba yake, ameletwa kutoka Haubi kwa ajili ya mjukuu. Mzee akaniuliza jina. Nikamwambia Ebenezer Mazengo. Akauliza kama ni Mazengo wa Kigwe. Nikasema ndiye baba yangu. Akaniomba nizime kamera, nami nikaizima.

Ndiyo, Evelina. Ni Hassani, Hassani yuleyule.

Huhitaji kukumbushwa, lakini ulikuwa mdogo, na ningependa tuikumbuke kwa namna moja. Baba na Hassani walikuwa pamoja kwenye josho la ng'ombe kule Mpwapwa. Chumba kimoja, chungu kimoja. Mwaka ule wa njaa, mwezi wa tisa, baba alifia hukohuko na akazikwa hukohuko. Hassani ndiye aliyepanda treni kutoka stesheni ya Gulwe akatuletea sanduku na blanketi, akasema marehemu aliumwa muda mrefu. Alipokelewa vizuri, akala, akalia pamoja nasi, akaondoka akiahidi kurudi siku ya kumaliza msiba.

Kabla hajarudi likapita lori la serikali la kuonyesha sinema vijijini. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni kwa ajili ya msiba, na wewe ulibebwa na bibi hadi kiwanjani. Walionyesha kilimo cha matuta, wakaonyesha mbu, kisha likatokea josho la Mpwapwa, na baba akiwemo. Mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba picha hizo zilipigwa mwezi wa sita wa mwaka uleule. Unakumbuka jinsi baba alivyokuja? Upesi, kifua mbele, akitoka kwenye boma la ng'ombe kuelekea joshoni, na alipoupita mti wa lango akaupiga kofi, kama mtu anayemtania rafiki. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mtu mmoja akasema Mazengo anasalimiana hadi na miti. Ndipo baba mkubwa aliposimama akauliza: mtu anayetembea hivi mwezi wa sita, anakufa mwezi wa tisa kwa ugonjwa gani, kama si kitu alichotiliwa chunguni?

Hassani aliporudi, akiwa na mbuzi wa msiba, hakupewa hata maji. Aliambiwa tumeona kwa macho yetu. Mama hakusema neno. Sote tulidhani ni uchungu. Mengine unayajua: tulikua na jina lile kama mtu anavyokua na kovu, tukalihamishia kwa watoto wetu bila hata kulieleza.

Pale chini ya turubai mzee hakunilaumu. Kwanza aliuliza kama mama yu hai. Nilipomwambia yu hai alishukuru Mungu, tena kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mwaka ule baba alikuwa akiinuka asubuhi kwa kushika ukuta. Akasema yeye alikuwepo siku Mzungu wa idara ya mifugo alipopiga picha zile. Alikuwa upande wa pili akishikilia lango, na baba alipita karibu naye polepole, hatua ya mtu anayeomba mguu ruhusa. Kwa hiyo maisha yake yote amekuwa akijiuliza watu wa Kigwe waliona nini. Hakuiona filamu ile hata mara moja. Alidhani labda Mzungu alimweka mtu mwingine.

Evelina, nilikaa kwenye filamu tangu ujana hadi walipotupunguza. Mzee alipokuwa bado anazungumza, jibu nilikuwa nalo tayari. Lakini sikumwambia. Jambo kama hilo halisemwi kwa kukisia. Lilitaka filamu yenyewe.

Nilikwenda Mpwapwa mvua zilipopungua. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye ndiye mtunza stoo katika kituo kimoja cha mifugo huko, na alikuwa ameamriwa kutoa takataka ili chumba kipakwe rangi. Alinipokea kwa matusi ya kizamani, akasema nimezeeka vibaya kuliko paa la stoo yake. Makopo ya filamu yalikuwa chini kabisa, yakinuka siki, kama filamu zinavyonuka zikianza kufa. Nyingi zilikuwa zimeshikana kama karatasi zilizolowana. Ile ya josho ilikuwa nzima, isipokuwa mwanzo wake. Niliielekeza kwenye mwanga wa dirisha, na kabla sijaona hata sura moja ya mtu nikaona nilichokuwa nakitafuta: ilikuwa na matundu pande zote mbili.

Filamu yenye sauti huwa na matundu upande mmoja, kwa sababu upande wa pili unabeba sauti. Yenye matundu kotekote ni bubu. Na kamera nyingi za filamu bubu za wakati ule zilipiga picha kumi na sita kwa sekunde, kwa ajili ya kubana filamu. Lakini projekta ya lori la sinema ilitengenezwa kwa filamu za sauti, na hiyo huzungusha picha ishirini na nne kwa sekunde. Ilikuwa na swichi ya kupunguza mwendo. Labda ilikuwa imeharibika, labda yule bwana hakuijua, labda aliona watu wanafurahi akaacha. Vyovyote vile, jambo lililochukua sekunde tatu Mpwapwa, Kigwe lilichukua mbili. Mgonjwa akawa mzima, na mzima akawa kama anakimbizwa. Ng'ombe pia walikwenda upesi, na watu wengine pia, lakini nani pale kiwanjani alikuwa amewahi kuona sinema nyingine ya kulinganisha? Tulidhani ndivyo watu wanavyotembea ndani ya kitambaa cha sinema.

Nilikaa na filamu ile humu chumbani peke yangu. Mara ya kwanza niliiendesha kwa mwendo wa sauti na kuirekodi ukutani kwa kamera, ili nipate mkanda wa kile tulichokiona Kigwe. Yupo mtu anayemwaga maji ya dawa kwa ndoo, na maji yale yanaanguka kama yamevutwa na kamba. Hapo ndipo pa kutazama, Evelina, ukitaka kujua ukweli wa picha. Mtu anaweza kuwa na haraka, maji yanayomwagika hayana. Nikapunguza projekta kidogokidogo. Kwanza picha ilipepesa sana, kwa kuwa projekta na kamera hazikuwa zikipokezana vizuri. Kila picha moja ya televisheni huchorwa kwa nusu mbili, na nilipofika kumi na sita na theluthi mbili, kila picha ya filamu ikawa inapata nusu tatu kamili, bila kubaki wala kupungua. Kupepesa kukaisha. Maji yakaanza kuanguka kama maji.

Kisha baba akatokea.

Alitembea kutoka bomani akiangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa. Alipofika kwenye mti wa lango hakuupiga kofi. Aliushika. Aliweka kiganja chote, akauegemea, akashusha pumzi, bega likapanda na kushuka, ndipo akauachia na kuendelea. Lile kofi tulilolicheka lilikuwa ni mtu anapumzika.

Niliirudisha mara nyingi. Nilikuwa nikimtazama mtu ambaye sasa mimi ni mkubwa kwake, kijana mgonjwa ambaye ningeweza kumwita mwanangu, na nilitamani awepo mtu mwingine chumbani wa kumwambia hata neno dogo, tazama, mguu wa kushoto. Hapakuwa na mtu. Niliiambia televisheni.

Nilidhani kazi iliyobaki ni nyepesi. Nilijiona nimebeba zawadi: nitamwonyesha mama, nitamwonyesha Hassani, uongo utaondoka, na hakuna mtu wa kulaumiwa isipokuwa projekta. Mama alipokuja kwa ajili ya macho nikamweka karibu kabisa na kioo. Nilianza na mkanda wa mwendo wa Kigwe. Alitabasamu, akasema huyo ndiye. Nikamweleza kwamba sinema ile ilidanganya. Unajua mama alivyopiga ngoma ya muheme ujana wake, nikamwambia afikirie ngoma ileile, wimbo uleule, wachezaji walewale, ila mikono ya wapigaji imeongezwa haraka, wachezaji watafanya nini kama si kukimbia? Akaniambia niache shule, niweke hiyo nyingine.

Nikaiweka. Baba akatoka bomani, mguu ukachelewa, akaushika mti.

Mama hakulia. Alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Nikaanza kumweleza kwamba sasa inaonekana wazi baba alikuwa ameugua kabla, kwa hiyo Hassani alisema kweli. Akanikatiza bila kugeuka. Akasema anajua. Akasema ndivyo alivyokwenda siku ile ya stesheni.

Haya yanayofuata nakuandikia kama alivyoyasema, maana aliniagiza nisipunguze.

Baada ya masika ya mwaka ule baba alikuja likizo. Mimi nilikuwa bweni na wewe ulikuwa kwa bibi, ndiyo maana hatukumwona. Alikuja akiwa na maumivu ya ubavu na mguu umevimba. Alimwambia mama kwamba hawezi kurudi Mpwapwa, anaomba akae nyumbani. Ghala lilikuwa tupu. Mama alimjibu kwamba mwanamume hakai jikoni akiota moto huku watoto wanakula mizizi, na kwamba josho halikuwa mbali kuliko kaburi la njaa. Baba hakubishana. Alfajiri walikwenda stesheni ya Kigwe, mama amebeba mzigo wake kichwani kwa kuwa yeye hakuweza, na njiani alishika kila mti wa uzio wa reli. Mama anasema alitembea mbele yake makusudi, ili asimwone akishika. Treni ilipokuja alimpa mzigo, na hawakuagana kwa maneno.

Hassani alipoleta habari za kifo, mama alijua kimeanzia wapi. Kisha likaja lori. Anasema pale kiwanjani, alipomwona mumewe anakuja upesi, kifua mbele, alijiambia kumbe alifika akapona. Kumbe sikumpeleka kufa. Na kama alipona, basi kuna mwingine aliyemuua. Baba mkubwa aliposimama kuuliza swali lake, mama alikuwa na jibu mdomoni na akalimeza. Akasema sinema ile ilimpa mume mzima na mtu wa kumlaumu, vyote kwa siku moja, na yeye alikuwa na njaa ya vyote viwili.

Kisha akasema, bila hasira, kwamba nimemrudishia baba mwendo wake, na sasa yeye mama hana pa kujificha.

Mwalimu mzima, Evelina. Nilikuwa nimedhani ninamwondolea Hassani mzigo tu, sikujua kwamba umekuwa ukishikiliwa upande wa pili na mama, wala kwamba ameushikilia peke yake, katika nyumba iliyojaa watu, tangu sisi tukiwa watoto. Mimi najiona mpweke na deki zangu. Nilimtazama yule bibi mdogo karibu na kioo, nikaona kwamba upweke wangu mimi bado ni mwanafunzi.

Siku iliyofuata aliniagiza niende kwa Mwantum. Anataka kupelekwa Haubi. Nilimwambia naweza kumpelekea Hassani mkanda na maneno yake, apumzike, barabara ya milimani ni mbaya na yeye si kijana. Amekataa. Anasema lile analotaka kusema alilinyamazia kwa mdomo wake, na litatoka kwa mdomo huohuo, mbele ya watoto wa Hassani na mbele ya watoto wake. Mwantum alinisikiliza akiwa amesimama na mita ya kitenge mkononi, akakaa chini, akasema tu kwamba watatuma gari mwishoni mwa mwezi wa saba, barabara ikishakauka. Baba yake hajaambiwa sababu. Ameambiwa tu kwamba mjane wa Mazengo anakuja kumsalimu, na ameanza kuuliza kila siku kama ni leo.

Nawe ndiwe uliyebaki. Mama anasema hatapanda gari lile bila wewe. Nilimweleza kuhusu magoti yako na umbali wa Songea. Akasema magoti yako ni madogo kuliko yake. Anasema mimi nilikuwa na akili yangu wakati ule na ningeweza kuuliza, lakini wewe ulijifunza kumchukia mtu ukiwa mapajani mwake, katika ukimya wake, kwa hiyo anataka hasa wewe usikie. Mzee wa Haubi hana nguvu nyingi zilizobaki, na mama pia. Tafadhali njoo. Kama hutaki kuja kwa ajili ya Hassani, njoo kwa ajili ya mama. Na kama umekasirika na mama, basi njoo hivyohivyo umekasirika, gari lina nafasi.

Pamoja na barua hii nakutumia mikanda miwili kwa mkono wa dereva wa basi. Wenye uzi mwekundu ni mwendo wa Kigwe. Usiokuwa na uzi ni mwendo wa Mpwapwa. Nilitaka kuufuta ule wa kwanza, kwa kuwa ni uongo, lakini mama amenikataza. Anasema siku moja moja atauomba. Nimekubali, na sikumweleza chochote.

Jana alasiri aliniomba nisimamishe picha pale kiganja kinapogusa mti. Deki yangu ikisimamishwa picha hutetemeka kidogo, kama mtu anayejizuia. Alikaa naye hivyo hadi chai ikapoa. Picha ikishasimama, Evelina, hakuna fundi awezaye kusema kama ilikuwa inakwenda upesi au polepole. Ni mwanamume na mti. Niliketi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Anyesi nilikuwa natazama kitu pamoja na mtu mwingine.

Msalimie sana shemeji Bartolomayo, mwambie asikubane nauli. Wasalimie watoto na wajukuu, na majirani wanaonikumbuka. Mama anasema uje na mlenda mkavu kama huko unapatikana, kwa kuwa haamini wa sokoni hapa.

Zipo salamu nyingine ambazo nimezikalia tangu ile harusi ya Makole, nikiogopa utazipokea vibaya. Ni za Hassani. Wakati ule ulipokuwa muuguzi hapa Dodoma uliniambia kwamba uliliona jina lake wodini kwako, ukamtuma mwenzako amhudumie, kwa sababu mkono wako ulikataa. Yeye alijua. Alisikia ukiitwa kwa jina la baba kwenye korido, akakutambua kwa paji la uso. Aliniambia nikifika kwako nikwambie kwamba yule mwenzako alikuwa na mkono mwepesi, sindano haikumuuma hata kidogo, na kwamba amekaa miaka yote hii bila kupata mtu wa kumtuma akushukuru kwa kumchagulia.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Ebenezer Mazengo